Siku Yetu ya Kwanza Lisbon

Mji wa Lisbon, ulio mji mkuu wa Ureno, umejengwa juu ya vilima kando ya mto mpana uitwao Tejo, karibu na mahali mto huo uingiapo baharini. Mimi na mke wangu tulifika usiku kwa ndege, nasi tulichoka mno hata hatukuona kitu ila taa. Lakini saa mbili ya asubuhi tulikuwa tumekwisha kuvaa, maana fedha tulizoweka kwa miaka sita hazikuwa fedha za kulalia kitandani.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini Lisbon, na London ipo? Jibu ni mke wangu. Yeye alizaliwa Malindi, na alipokuwa mtoto wa shule alipelekwa pamoja na wenzake kuitazama ile nguzo ya Wareno yenye msalaba, iliyo juu ya miamba kando ya bahari. Tangu siku hiyo alitamani kupaona walikotoka watu wale waliofika kwetu mwaka 1498. Mimi nilipendelea London, wala sifichi.

Mtaa wa chini wa mji una njia zilizonyoka kama mistari ya daftari. Sababu yake ni ya huzuni. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, watu wengi wakiwa makanisani, nchi ilitetemeka kwa nguvu. Kisha maji yakapanda kutoka mtoni, na moto ukawaka kwa siku kadhaa. Waliosalia waliujenga mtaa huo upya kwa kamba na kipimo. Mahali pa kupita watu pametandikwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi, vizuri kwa macho lakini vinateleza kama sabuni. Mke wangu aliyumba mara mbili, akanishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo nyumbani hafanyi.

Tukapanda tramu, yaani gari la umeme lipitalo juu ya reli katikati ya barabara, namba 15, mpaka Belém. Hapo ndipo merikebu za Vasco da Gama zilipong'oa nanga mwezi wa Julai 1497. Pana nyumba kubwa ya watawa iitwayo Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwaka 1501. Gharama yake ilitolewa katika kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki, sehemu moja katika ishirini. Kwa hiyo watu husema ilijengwa kwa pilipili manga. Mawe ya nguzo zake yamechongwa kwa ustadi hata utadhani ni kamba za merikebu na majani ya baharini.

Penye kibao mke wangu alisoma neno "igreja", akaniuliza maana yake. Nilikuwa nimejifunza maneno machache kabla ya safari, nikamwambia ni kanisa. Akacheka. "Baba watoto, mbona ni gereza hilo?" Naye hakukosea, maana wataalamu wa lugha husema kwamba gereza letu limetokana na neno hilo hilo. Ngome ya Yesu kule Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilikuwa na kanisa ndani yake; na Waingereza waliifanya jela tangu 1895 mpaka 1958.

Karibu na mlango wa kanisa lipo kaburi la Vasco da Gama. Sanamu yake imelala chali, mikono imeunganishwa kama mtu asaliye, na ubavuni pamechongwa merikebu. Alifia Cochin, Bara Hindi, mwaka 1524, na baadaye kaburi hilo likapewa mifupa yake. Watalii walikuwa wakipiga picha. Mke wangu alisimama kimya muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na yule rubani wetu, yeye amezikwa wapi?"

Alimtaja rubani ambaye mfalme wa Malindi aliwapa Wareno, akawavusha bahari mpaka Calicut kwa muda usiotimia mwezi mmoja. Hata jina lake hubishaniwa mpaka leo. Sikuwa na jibu. Nami niliikumbuka Mombasa, ambayo Almeida aliiteka nyara na kuitia moto mwaka 1505, miaka saba tu baada ya ukarimu ule wa Malindi.

Tulipotoka tulikula vile vikate vya Belém vinavyouzwa hapo tangu 1837: unga mwembamba wa matabaka, ndani kiini cha yai na maziwa, juu mdalasini. Mimi nilikula vinne. Kisha tukaenda ukingoni mwa mto kuliona jiwe kubwa la ukumbusho la mwaka 1960, lenye sanamu 33 za watu mashuhuri wa Ureno. Mke wangu alizitazama moja moja. Rubani hayumo. Chini pana ramani ya dunia iliyotengenezwa kwa marumaru. Akaenda akasimama juu ya pwani yetu, akaniamuru nimpige picha.

Jioni tuliingia katika mkahawa mdogo. Mtumishi alituonyesha meza, nao huiita "mesa". Kabla hatujaagiza, akaleta mkate, zeituni na jibini. Nikasema, tazama watu hawa walivyo wakarimu! Tukala vyote isipokuwa mkate kidogo. Baadaye ikaja bacalhau, samaki wa bahari za baridi aliyekaushwa kwa chumvi. Mke wangu akamwita ng'onda wa Kizungu, akasifu mapishi. Lakini hesabu ilipoletwa, mkate, zeituni na jibini vyote vilikuwa vimeandikwa kwa bei. Nilianza kuteta. Mtumishi akanionyesha kwa adabu kwamba bei zimechapwa katika orodha ya vyakula. Asiyevitaka huvirudisha bila kuvigusa, naye halipi.

"Wao walikaa Malindi siku tisa wakiletewa kondoo na machungwa," akasema mke wangu kwa Kiswahili. "Muulize, hesabu ile nani aliilipa?"

Nikalipa. Mkate uliobaki aliufunga katika leso yake, maana tulikuwa tumekwisha kuununua, tukapanda kilima kwenda kulala.