Mimi na Mama Veronika Kisiwani Rukuba

Ukimwambia mtu wa kijijini kwetu kwamba wewe na mkeo mnakwenda kisiwani kupumzika, atakutazama mara mbili. Kwanza atauliza nani amefariki. Halafu atauliza nani mgonjwa. Maana sisi tumezoea kusafiri kwa mambo hayo mawili, na la tatu ni harusi za watu wengine. Mume na mke kufunga mlango wakaenda kukaa tu, hilo tunawaachia wageni wanaokuja kutazama wanyama wa Serengeti.

Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo. Mimi ni mwalimu mstaafu, sasa mkulima wa mihogo na mtama upande wa Kiabakari, Wilaya ya Butiama. Mama Veronika nilimwoa mwaka 1995. Tulipotimiza miaka 30, binti yetu aliye Mwanza alituletea fedha kidogo na maneno makali. Alisema, "Baba, hizi si za bati wala za mbuzi. Nendeni mkapumzike, wewe na mama. Sijawaona mmekaa pamoja mchana hata siku moja."

Nikakumbuka kwamba hata Mwalimu Nyerere, pamoja na mzigo wa nchi nzima, alikuwa na desturi ya kurudi kwake Butiama akashika jembe na kupata pumzi. Basi nikampigia simu kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni mvuvi kisiwani Rukuba. Akacheka kwa furaha: "Shikamoo mwalimu! Njooni. Chumba kipo, na samaki wapo."

Palikuwa na shida moja. Mama Veronika alikuwa hajapanda chombo cha majini tangu mwaka 1996. Kaka yake alikuwa mfanyabiashara wa ndizi, naye alikuwamo ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Watu mamia kwa mamia walikufa siku ile. Nilifikiri atakataa. Akanyamaza siku mbili, halafu akasema, "Nitakwenda, Baba Veronika. Lakini tukiwa majini usiniulize kitu."

Safari ya majini

Tulilala Musoma mjini, na kulipopambazuka tulikuwa Mwigobero, mahali mitumbwi inapopakia watu na mizigo ya visiwani. Mtumbwi wa kwanza ulikuwa umejaa mpaka kingo zake zimekaribia maji. Mwenye chombo akatuita: "Ingieni, wazee, nafasi haikosekani!" Mimi nilikwisha inua mguu. Mke wangu akanishika koti. "Huo umejaa," akasema. Watu wakacheka, wengine wakanung'unika. Yeye hakujali. Tukangoja mwingine saa nzima.

Msomaji, nilitahayari wakati ule, lakini sasa nakwambia: mke wangu alikuwa na haki. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa kimeidhinishwa kubeba watu 101. Kilibeba zaidi ya mara mbili yake, na watu zaidi ya 200 wakafa pwani ikionekana. Aibu ya kuachwa na chombo hupita kabla ya jua kupanda. Mtumbwi wa pili ulikuwa na nafasi, tukapewa majaketi ya kujiokolea, tukayafunga sawasawa.

Nilimwuliza nahodha kwa nini wote hutoka alfajiri. Akanieleza vizuri kuliko kitabu. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa, kwa hiyo upepo hutoka nchi kavu kwenda majini. Mchana nchi kavu hupata joto upesi, upepo hugeuka, nao huleta mawimbi kutoka ziwani kuja Musoma. Kati ya zamu hizo mbili, asubuhi, maji hutulia. Mtu mwenye busara husafiri katika utulivu huo. Akaongeza kwamba usiku pepo za pande zote hukutana katikati ya ziwa na kuzaa radi na mvua kubwa, na huko ndiko wavuvi wengi hupotea. Ziwa hili, Victoria, lina kilometa za mraba 68,800 hivi. Duniani, kati ya maziwa ya maji baridi, ni la pili kwa ukubwa. Si dimbwi la kuchezea.

Mama Veronika alikaa katikati ya mtumbwi, rozari mkononi, macho amefumba. Sikumwuliza kitu.

Siku ya kwanza

Rukuba ni kijiji katika Kata ya Etaro, Wilaya ya Musoma. Ukikikaribia kisiwa, unaona kwanza mawe. Ni majabali makubwa ya kijivu, yamepandana kama mtu aliyepanga mafiga ya jitu. Juu yake wanakaa mnandi, ndege weusi, wakianika mabawa yao, na jabali limekuwa jeupe kwa mavi yao. Juu ya mti yupo tai mwenye kichwa cheupe, analia kama anayeita mtu ng'ambo. Kenge, mrefu kama mkono wa mtu mzima na zaidi, alijivuta taratibu akaingia majini. Halafu ikaja harufu ya dagaa, ndipo nyumba za bati, watoto wa shule, na mwenyeji wetu akikimbia kutupokea mizigo.

Nilidhani tutakuta kazi imepamba moto. Kumbe mitumbwi mingi ya dagaa ilikuwa imevutwa juu mchangani, na vijana wamekaa kivulini wakishona nyavu. Nikauliza kama kuna msiba. (Unaona, msomaji, nami ni wale wale.) Mwenyeji akacheka, "Hapana mwalimu, ni mbalamwezi."

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za umeme wa jua. Dagaa huifuata nuru, nao huzungushiwa wavu. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina nuru, na taa ya mvuvi haimvuti samaki. Kwa hiyo kila mwezi wavuvi wa dagaa hupumzika siku kadhaa. Mwenye mke ng'ambo huenda kumwona, mwenye wavu mbovu huushona. Wenye nyavu na migonzo ya sangara huendelea na kazi yao. Nikajisemea, watu hawa wana likizo kila mwezi, na mimi nimeingoja miaka 30!

Siku ya pili

Sasa nataka kukwambia jambo ambalo watu wakirudi kutoka mapumzikoni hawalisemi. Siku ya kwanza ni tamu kwa sababu kila kitu ni kipya. Siku ya pili ni chungu. Mwili umefika, moyo bado uko nyumbani.

Niliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nikakosa la kufanya. Nikapiga simu nyumbani kuuliza ng'ombe. Baada ya kunywa chai nikapiga tena kuuliza kama wametoka malishoni. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimepiga mara tano, na kijana wangu wa nyumbani akaanza kujibu kwa kifupi.

Mke wangu naye alikuwa ameshika ufagio. Alifagia uwanja wa mwenyeji mpaka kwa jirani. Halafu nikamwona yuko na akina mama kwenye vichanja, akigeuza dagaa wa mwisho waliovuliwa kabla ya mwezi kukua. Ni kazi ya maarifa: dagaa aliyeanikwa juu ya kichanja hukauka safi na hupata bei ya chakula cha watu; aliyetupwa mchangani huchanganyika na mchanga, na mara nyingi mwisho wake ni chakula cha kuku. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, kazi ya usiku mzima imepotea.

Lakini mimi nilikasirika. Nikamwambia, "Mama Veronika, umekuja kupumzika au kufanya kibarua?"

Akanijibu bila kugeuka, "Na wewe umepiga simu mara ngapi?"

Mchana tulikula sato wa kuchemsha na ugali wa mhogo bila kusemezana. Chakula kilikuwa kitamu sana, nasi tulikuwa wawili tumetazamana kama wageni waliopangwa meza moja. Ndipo nilipotambua: nyumbani tulikuwa tunazungumza juu ya shamba, ada, mifugo na wajukuu. Yalipoondolewa hayo, hatukuwa na neno. Nikataka turudi kesho yake. Mwenyeji akasema, "Mwalimu, kesho asubuhi mtumbwi upo, lakini ngoja kwanza siku moja."

Siku ya tatu

Asubuhi ya siku ya tatu simu yangu ilikwisha moto, nami nikaiacha hivyo. Tuliketi kivulini na mzee mmoja mvuvi. Akatuambia kwamba sangara, ambaye sisi tulidhani ni mwenyeji wa ziwa, ni mgeni. Alitiwa humu miaka ya 1950 na 1960. Alileta fedha nyingi, lakini aliwala furu, samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, na nyingi hazionekani tena. Tukasikiliza mpaka chai ikapoa. Nilikuwa sijasikiliza mtu hivyo tangu nilipostaafu.

Jioni tukapanda juu ya jabali, sisi wawili. Upande wa magharibi jua lilikuwa linazama majini, jekundu kama kaa la moto. Tulipogeuka mashariki, mwezi mpevu ulikuwa unachomoza juu ya vilima vya Musoma. Mbali majini wingu jeusi la vijidudu vya ziwa lilipanda juu kama moshi wa msitu unaoungua. Hatukusema neno kwa muda mrefu, lakini kimya hiki hakikuwa kama cha jana.

Halafu Mama Veronika akasema, "Siku ile redio ilipotangaza, ulikuwa shuleni."

Nikajua ni siku gani.

"Uliporudi ulisema pole. Halafu ukachukua jembe ukaenda shambani. Nikawaza, huyu naye hajui la kusema. Nami sikujua. Basi tukanyamaza wote wawili."

Msomaji, ningeweza kujitetea. Nilikuwa kijana, tulikuwa tumeoana mwaka mmoja tu, na mwanamume kwetu hafundishwi kukaa karibu na machozi. Lakini nilimwuliza tu, "Alikuwa mtu wa namna gani kaka yako?" Kwa kuwa nilimjua kidogo sana.

Akanieleza. Alivyokuwa akimbeba mgongoni kuvuka mto kwenda shule. Alivyokuwa akiimba vibaya, wala asikubali kwamba anaimba vibaya. Hapo akacheka, halafu akalia, halafu akacheka tena. Mwili wake haukutambuliwa. Jamaa huamini yuko Igoma, Mwanza, katika makaburi ya waliokufa siku ile. Mke wangu hajapata kufika pale. Hakuna aliyemwambia, "Twende."

Mwezi ulikuwa umepanda juu kabisa tuliposhuka jabalini. Nilimshika mkono kwa sababu mawe yanateleza, na tulipofika mchangani sikumwachia.

Ukitaka kwenda

Nakuachia maneno machache. Panda chombo asubuhi, ukatae kilichojaa, hata wakikucheka. Funga jaketi. Chukua chandarua. Usiingie majini penye majani karibu na ukingo, maana humo hukaa konokono wanaoeneza kichocho. Oga kwa maji yaliyokaa siku mbili katika pipa. Mchukulie mwenyeji wako kitu cha bara, kama mtama au maharage. Fadhili haina gharama kubwa. Tena, kama huwezi kwenda Rukuba, hata chini ya mwembe wako patafaa, mradi muwe wawili na kazi iwe mbali.

Lakini la kwanza kuliko yote, usirudi siku ya pili. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika nyumba zetu mna vimya vya miaka mingi, nasi huvifunika kwa kazi na kusema tunaishi vizuri. Mpe mwenzako siku ya tatu.

Tulikaa siku sita. Wakati wa kurudi, Mama Veronika aliketi tena katikati ya mtumbwi, rozari mkononi. Safari hii macho yake yalikuwa wazi. Tulipokaribia Mwigobero alitia vidole vyake majini, akaviacha hapo kidogo.

Mavuno yakiisha, tunakwenda Igoma.