Jina la Zamani na Mchezo Mpya

Bao halina toleo la pili. Mashimo yake 32 na kete zake 64 ni zile zile zilizochezwa na wazee barazani na chini ya miembe, wala hakuna aliyepata kulalamika kuwa mchezo huu umechakaa. Kinachoufanya uwe mpya kila jioni si ubao, bali ni mtu aketiye upande wa pili. Leo huja mwenye haraka, kesho huja mwenye subira, na hila iliyoleta ushindi jana huwa leo sababu ya kushindwa. Hali ya mchezo wa video uchezwao na mtu peke yake ni tofauti kabisa. Ndani yake mshindani wa mchezaji ni mtungaji mwenyewe, ambaye alikwisha kuitega mitego yake yote kabla ya kaseti kutoka kiwandani. Mitego hiyo ikiisha kujulikana, mshindani amekwishiwa na maneno. Mchezaji aliyeumaliza mchezo mara kumi hujua kila adui atatokea wapi, kama mtu ajuavyo vidato vya nyumba yake gizani. Hapo ndipo haja ya mwendelezo izaliwapo: mshindani aliyenyamaza huombwa aseme tena.

Swali linalobishaniwa na wachezaji na watungaji tangu zamani ni hili: akisema tena, je, aseme maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi, au aseme jambo geni? Wako washikao kwamba anunuaye mwendelezo amenunua kitu alichokwisha kukipenda, na kumpa kitu kingine chini ya jina lile lile ni kumpunja. Wako wajibuo kuwa kumwuzia mtu kitu kimoja mara mbili ndiko kumpunja hasa. Fedha yenyewe aghalabu ni ya mzazi, na furaha au huzuni ni ya mtoto. Kwa hiyo ubishi huu si mwepesi kama unavyoonekana kwa watu wasiocheza. Ungeweza kuendelea milele bila ya ushahidi, kama kampuni moja ya Kyoto, nchini Japani, isingalifanya jaribio lake, nusu kwa kusudi na nusu kwa bahati, kati ya mwaka 1986 na 1988.

Kampuni hiyo ni Nintendo. Mwaka 1985 ilitoa mchezo wa Super Mario Bros., kazi ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, ambao nakala zake zilizouzwa duniani zimepita milioni 40. Kisa chake ni chembamba kama uzi: fundi bomba anakwenda kumwokoa binti mfalme aliyetekwa. Hapana mtu aliyeupenda mchezo ule kwa sababu ya kisa. Uliopendwa ni mruko. Kitufe kikibonyezwa kidogo, Mario huruka kidogo; kikishikiliwa, huruka juu zaidi; akikimbia kwanza, huruka mbali. Katika hatua ya kwanza kabisa adui mmoja humjia mchezaji polepole, na asiyeruka hufa, akaanza tena akiwa amekwisha kuelewa. Kisha uyoga hutoka katika tofali, hugonga bomba, hurudi nyuma kumfuata, hata anayeuogopa huupata na kugundua kuwa ni neema. Hakuna maandishi yanayofundisha lolote. Mafunzo yote hupita katika vidole, na mchezo unapokwisha, mali abakiyo nayo mchezaji ni elimu hiyo ya vidole.

Mwendelezo wa kwanza ulitoka Japani mwezi wa Juni mwaka 1986. Kwa jicho la mtu mgeni ulikuwa mchezo ule ule: matofali yale, mabomba yale, makobe yale, mruko ule. Kilichoongezwa ni ukali. Katika hatua ya kwanza tu umo uyoga wa sumu, unaomwua aliyefundishwa mwaka uliotangulia kuwa uyoga ni neema. Upo upepo unaomsukuma mrukaji angali hewani. Iko njia ya siri ambayo, badala ya kumpeleka mbele aliyeigundua, humrudisha nyuma katika ulimwengu wa kwanza. Kasha lake halikuficha kitu. Lilitangaza kuwa mchezo ule ni wa wachezaji mabingwa. Hapana budi kukiri kwamba kazi ile ilikuwa na unyofu wake. Ilisema na watu waliokwisha kuhitimu, ikawapa mtihani wa juu. Illa mtihani si somo. Mchezaji hakuongezewa uwezo hata mmoja wa maana, isipokuwa Luigi, ndugu yake Mario, alipewa mruko mrefu zaidi na miguu yenye kuteleza. Elimu ya zamani haikukuzwa, iliviziwa.

Katika tawi la Marekani alikuwako mtu aitwaye Howard Phillips, ambaye kupima michezo ilikuwa sehemu ya kazi yake. Alipoucheza mwendelezo huu hakuufurahia. Aliona unaadhibu kupita kiasi, na kwamba ugumu wake hauleti raha. Tawi lile likakataa kuuleta. Lakini jina la Mario lilikuwa limekwisha kupata nguvu kubwa mno Marekani kuachwa bila mrithi, na mrithi akatafutwa mahali pasipotarajiwa.

Mwaka 1987 Nintendo ilikuwa imetoa Japani mchezo uitwao Yume Kōjō: Doki Doki Panic, uliotengenezwa kwa kushirikiana na televisheni ya Fuji na kuongozwa na Kensuke Tanabe. Mashujaa wake walikuwa jamaa wanne, kila mmoja na maumbile yake, na silaha yao ilikuwa mboga walizozing'oa ardhini na kuwatupia maadui. Mchezo huu ukavuliwa wenyewe wake na kuvishwa wageni: Mario, Luigi, Toad na binti mfalme. Ukauzwa Marekani mwaka 1988 kwa jina la Super Mario Bros. 2. Kwa hiyo mtoto wa kuzaa alifichwa ndani, na mtoto wa kulea akatokezwa barazani kwa jina la ukoo. Kasha halikuwaambia watoto wa Marekani neno lolote juu ya nasaba hiyo. Ni mwaka 1993 tu ndipo mtoto wa kuzaa alipotolewa kwao, akiwa ndani ya mkusanyo wa Super Mario All-Stars, na hata wakati huo hakupewa namba ya pili. Aliitwa The Lost Levels, yaani hatua zilizopotea, kana kwamba alipotea mwenyewe njiani na hakuna aliyemzuia.

Je, lilikuwa kosa kuwauzia watu mchezo mmoja kwa jina la mwingine? Kwa mizani ya ukweli mtupu, lawama ipo. Jina lililoandikwa juu ya kasha ni ahadi, na mchezo huu ulikuwa umetoka kwanza bila ya Mario ndani yake. Walakini mtu akitazama kilichomfika mchezaji, na si kilichoandikwa na mfanyabiashara, hukumu hugeuka. Mtoto aliyekulia katika mchezo wa 1985 alimkanyaga adui kama desturi, akashangaa kujiona amesimama juu ya mgongo wake salama, akibebwa kama abiria. Kisha akagundua kuwa abiria anaweza kumnyanyua aliyembeba na kumtupa. Vidole vilikuwa na elimu ile ile ya kukimbia, kuruka na kukadiria nafasi. Ila elimu hiyo iliitwa sasa kufanya kazi nyingine. Mchezaji hakuanza upya, wala hakurudia. Zaidi ya nakala milioni 7 ziliuzwa. Mtoto wa kulea naye hakuja mikono mitupu. Bomu litembealo kwa miguu, adui mwenye haya avaaye kinyago, binti mfalme aelewaye hewani kwa gauni lake, wote hao waliingia katika ukoo wa Mario kwa mlango huu na wamebaki humo hata leo. Japani yenyewe iliupokea mchezo huo mwaka 1992 kwa jina la Super Mario USA, kama ndugu aliyerudi kutoka safari.

Mwendelezo wa tatu, uliotoka Japani mwaka 1988 na Marekani mwaka 1990, ulipata njia iliyo bora kuliko zote mbili. Humo Mario hupewa mkia, na kwa mkia huo huruka angani. Lakini hawezi kupaa asipokimbia kwanza hata nguvu zake zijae. Mbio zile za mwaka 1985, ambazo kazi yake ilikuwa kuvuka shimo, zikawa mzizi wa bawa. Aliyejua vizuri mchezo wa kwanza alistahili kupaa mapema kuliko asiyejua. Hapa ndipo ubishi wa kushika desturi na kuleta ugeni unapoonekana kuwa umewekwa mahali pasipo pake. Mruko ulibaki kama ulivyokuwa, na hakuna aliyesema mchezo umerudiwa.

Mtu wa ushairi hatapata tabu kulielewa jambo hili. Mshairi hashutumiwi kwa kutunga tena kwa mizani 16, vina vyake vya kati na vya mwisho vikiwa mahali pake. Hushutumiwa akileta tena shairi lile lile la mwaka jana lililojazwa maneno magumu. Mizani ni elimu ya sikio, na sikio halichoki nayo kadiri linavyoambiwa jambo. Mchezo wa Rockman, ambao nje ya Japani huitwa Mega Man, ulitungwa mara sita kwa mashine moja kati ya mwaka 1987 na 1993, vina na mizani vikishikwa barabara. Na kufika wa sita ni mashabiki wake wenyewe waliokuwa wakiuliza kama kuna habari.

Ugeni nao una hasara zake. Mchezo wa The Legend of Zelda wa mwaka 1986 ulitazamwa kutoka juu, kama ramani. Mwendelezo wake wa 1987 uligeuza kila kitu kwa pamoja: ukatazamwa kwa ubavu, ukaleta mapigano mapya na hesabu ya kupanda daraja. Aliyekuja na elimu ya mchezo wa kwanza hakupata mahali pa kuitumia. Mwaka 1991, katika mchezo wa tatu, watungaji walirudi kutazama kutoka juu, na tangu hapo desturi ikajengeka: ingia pangoni, pata chombo, mshinde mwenye pango kwa chombo hicho, nenda pango linalofuata. Desturi hiyo ilidumu takriban miaka 20, ikazaa kazi nzuri sana, kisha ikaanza kujulikana mno. Mwezi wa Januari mwaka 2013 Eiji Aonuma, msimamizi wa michezo hiyo, alitangaza hadharani kuwa mazoea ya Zelda yatafikiriwa upya, likiwamo lile la kumaliza mapango kwa mpango uliowekwa. Matunda yalionekana mwaka 2017 katika Breath of the Wild, ambamo mchezaji anaweza, akipenda na akithubutu, kwenda kwa adui mkuu muda mfupi baada ya kuanza.

Sifa zilikuwa nyingi, na zilistahili. Hata hivyo wako wazee wa mchezo waliosikitika kwamba mapango makubwa yenye mafumbo marefu yametoweka, na masikitiko yao si ya kuchekwa. Walikuwa wamejifunza kusoma nyumba nzima kwa akili, mlango kwa mlango, na elimu hiyo haikupewa kazi ya kutosha katika nchi mpya iliyo wazi pande zote. Kila ugeni humpokonya mtu fulani ujuzi wake, na anayeleta ugeni ana wajibu wa kumjua mtu huyo ni nani.

Mwendelezo uliofuata, Tears of the Kingdom wa mwaka 2023, ulifanya lililoogopwa na wengi: ulirudi katika nchi ile ile, vilima vile vile na mito ile ile. Baada ya kungoja miaka sita, watu walikuwa na haki ya kuuliza kama wanauziwa shamba moja mara mbili. Lakini mchezaji alipewa mkono uwezao kuunga mbao, magurudumu na mashua hata vikawa chombo alichokibuni mwenyewe. Mto uliovukwa kwa kuogelea mwaka 2017 sasa ulimtaka mtu awe fundi. Nakala zaidi ya milioni 10 ziliuzwa katika siku tatu za kwanza. Aliyeijua nchi vizuri ndiye aliyeona haraka zaidi kuwa imebadilika, ingawa vilima havikusogea.

Hayo yote ni ya mchezaji aliye peke yake. Palipo na watu wawili mambo hurudi kwenye bao. Katika vibanda vya Dar es Salaam na Nairobi ambako vijana hulipia muda wa kucheza, mchezo unaotawala ni wa mpira wa miguu, ule uliotoka mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1993 kwa jina la FIFA na kurudi kila mwaka ukiwa umebadilika kidogo tu. Wasomi wa michezo huucheka kwa kutokuwa na ubunifu. Wachezaji hawaoni kasoro hiyo, kwa maana mshindani wao ameketi bega kwa bega nao, naye amekuja leo na hila ambazo hakuwa nazo jana. Mwaka 2023 mkataba wa jina ulikuwa umekwisha, na mchezo ukatoka kwa jina jipya la EA Sports FC. Uwanja ulikuwa ule ule, vitufe vile vile, na wengi waliendelea kuuita FIFA.