Pesa ya Pamba Ikishatoka

Mjomba wangu alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha wakulima wa pamba nje kidogo ya mji wa Bariadi, na kazi hiyo ilimpa jicho la kukadiria. Gunia likiwa bado juu ya baiskeli, alishajua kilo zake, na mizani ilipokuja kusema ilikuwa kama inamwunga mkono tu. Jicho hilohilo alikwenda nalo kwenye mbina, ngoma zetu za Kisukuma. Mwaka 1989, nikiwa na miaka 11, alinichukua kwenda kuona Wagika na Wagalu, pande mbili za ngoma hizo, wakishindana, akanipa kazi ambayo sikuielewa: nisiangalie wachezaji, niangalie migongo ya watu.

Asiyekulia Usukumani pengine anadhani ushindi wa ngoma unatokana na majaji waliokaa kwenye meza yenye kitambaa. Kwetu haukuwa hivyo. Vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja na duara lake, ngoma za hapa zinasikika kule. Watu wako huru. Wanaanza hapa, wakisikia kelele kule wanakimbilia kule, vumbi linatimka, watoto wanapotezana na dada zao. Jua likizama, duara lenye watu wengi ndilo lililoshinda. Wagika wanajihesabu kwa Ngika na Wagalu kwa Gumha, waganga wawili wa zamani ambao inasimuliwa hawakuivana, na kila upande una samba yake, dawa ya kuvuta watu. Kura ya mtazamaji ni miguu yake.

Siku ile, mpaka saa kumi alasiri, Wagalu walikuwa wameshamaliza kazi. Walicheza bugobogobo, majembe yanarushwa juu, yanazunguka, yanadakwa kwa mpigo mmoja. Duara la Wagika lilibaki na wazee wanane na mbwa. Nilimwonea huruma ningi wao, mtunzi na kiongozi wa kikundi, maana alikuwa anaimba huku anatazama nafasi tupu. Mjomba akaniambia, "Ng'wanawane," yaani mwanangu, "subiri ng'ombe warudi."

Ng'ombe wakarudi. Pamoja nao wakaja vijana wa machungani na kina mama waliokuwa wamekwenda kuteka maji, umati mpya kabisa ambao haujachagua upande. Hapo ndipo ningi wa Wagika alipoagiza kapu lifunguliwe. Akatoka mwanasesere wa mti mwenye viungo vinavyocheza, amevaa koti na kofia kama bwana shamba, kamba zake zimefichwa kwenye mikono ya mtu aliyelala chini ya kaniki. Mwanasesere akapangusa jasho. Akakaa. Akamkonyeza mama mmoja aliyebeba ndoo, na yule mama akashindwa kuishikilia ndoo kwa kicheko, maji yote yakamwagikia mgongoni mwa mtoto. Ndani ya dakika chache Wagalu walikuwa wanawachezea wapiga ngoma wao wenyewe.

"Kile kitu walikuwa nacho tangu saa nane," mjomba alisema tukiwa njiani. "Wangekitoa saa nane, wangekitoa kwa wazee."

Nimeandika habari za burudani kwa miaka mingi sasa, na sijapata somo la ratiba lililolipita hilo.

Tiketi iliingia maishani mwangu mwaka 1992. Mjomba na wenzake wawili walichanga hela wakaleta bendi ya dansi kutoka Mwanza. Ukumbi haukuwapo, kwa hiyo walizungushia uwanja uzio wa magunia yaliyoshonwa kwenye nguzo za miti, wakaacha upenyo mmoja wa kuingilia, na mimi nikawekwa hapo. Tiketi zilikuwa vipande vya karatasi ya manila. Mhuri tulichonga kwa kiazi kitamu: nyota yenye pembe tano, tukaichovya kwenye wino wa buluu. Saa mbili usiku watu walipanga foleni kwa adabu. Saa nne nilikuwa nimepokea tiketi nyingi kuliko tulizochapa, na nyingine nyota zake zina pembe sita. Viazi vilikuwa vimejaa kila shamba, nani angewazuia?

Mjomba hakukasirika sana. Katika pamba kuna daraja la kwanza, safi, na kuna fifi, ile chafu yenye madoa. Akasema watazamaji wetu nao wana madaraja: safi ni waliolipa, fifi ni wenye nyota za pembe sita, na wale waliochungulia kwenye matundu ya magunia hata hawapandi mizani. Lakini uwanja ulijaa na gharama ilirudi. Ulijaa kwa sababu ilikuwa Julai, na kwa sababu karani wa mizani alijua, kabla ya mtu mwingine yeyote mtaani, wiki ambayo wakulima wangelipwa. Bango alilitundika siku tatu kabla ya malipo. Wenzake waliiita bahati.

Mwaka uliofuata mmoja wa wenzake alishikilia kwamba watu wanapenda muziki miezi yote, wakaleta bendi mwezi Machi. Mvua ilikuwa imekatika, anga safi, gari la matangazo likazunguka mji mzima na kipaza sauti. Tuliuza tiketi 17. Nazikumbuka kwa idadi kwa sababu nilizihesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Machi ni palizi. Mtu ameamka alfajiri kushika jembe, chakula cha mwaka jana kinaelekea ukingoni, fedha ya mwisho imeingia kwenye dawa ya wadudu. Waimbaji waliimba vizuri kuliko Julai, na nilijisikia vibaya kuona mpiga gita akitazama ule uwanja kama ningi wa Wagika alivyoutazama wake, isipokuwa huyu hakuwa na ng'ombe wa kusubiri.

Halafu pamba yenyewe ikabadilika. Kabla ya hapo mazao yalipita kwenye chama cha msingi, yakaenda chama kikuu cha mkoa, SHIRECU, kwa kuwa wakati huo sisi tulikuwa Shinyanga. Fedha ikirudi, ilirudi kwa mkupuo, kijiji kizima siku moja. Siku hiyo hata kipofu angejaza ukumbi. Soko lilipofunguliwa mwaka 1994, wanunuzi binafsi wakaingia na fedha mkononi. Mkulima akauza kilo 30 leo, nyingine wiki ijayo, kwa miezi kadhaa. Kwa mkulima ilikuwa nafuu, sibishi. Kwa mjomba ilikuwa msiba. Ule usiku mmoja mkubwa wa Julai uligawanyika vipande, na bendi kubwa, yenye watu 15 wa kulisha na jenereta la kunyweshwa, haiishi kwa vipande. Zilizofaidika ni burudani ndogondogo: mabanda ya video, ambako kwa sarafu chache mtu aliona sinema tatu, na ngoma za siku ya mnada, ambazo mchezaji alitunzwa noti kwenye paji la uso bila mtu kukata tiketi.

Mwaka 1995 ulikuja na jambo jingine ambalo hakuna bango lililoweza kushindana nalo: kampeni za uchaguzi. Bariadi ilikuwa ngome ya chama cha UDP cha John Cheyo, Bwana Mapesa, aliyekuwa anagombea urais mwaka huo, na CCM nayo haikulala. Kila mkutano ulikuwa na ngoma, na ngoma ya mkutano haina kiingilio. Kwa vile redioni tulikuwa tunasikia jinsi vikundi vya sanaa, TOT ya Kapteni John Komba na Muungano ya Norbert Chenga, vinavyopambana Dar es Salaam na watu wanalipa, nilimuuliza mjomba kwa nini kwetu wasilipe. Kule watu wanalipia ugomvi, alinijibu. Hapa ugomvi ni wa Wagika na Wagalu, na huo ni urithi, nani atakubali kuulipia mlangoni?

Nililifikiria jibu hilo kwa muda mrefu. Kwenye mbina umati unampima mchezaji. Getini ni umati unaopimwa, tena kwa mfuko, na aliyeshindwa kulipa hahesabiwi hata kama miguu yake imekwisha kuchagua. Sidai moja ni bora. Msanii anakula, na watu wa kapu la mwanasesere walirudi nyumbani siku ile na sifa tu. Ila tulipoanza kukata tiketi tulipoteza kitu kimoja ambacho hakuna aliyekiandika kwenye hesabu: mtazamaji aliyelipa haendi upande wa pili. Amenasa. Kwa hiyo anayeimba mbele yake hana sababu ya kuficha kitu kapuni hadi saa kumi na moja.

Niliwahi kwenda Bujora, kule Kisesa, kuona Bulabo, tamasha lililokuzwa na Padri David Clement. Huko bado umati ndio hakimu. Kilichonichekesha ni tarehe. Bulabo inafuata sikukuu ya Ekaristi, nayo inaifuata Pasaka, kwa hiyo inasogea: mwaka mmoja inaangukia mwishoni mwa Mei, mwingine karibu na mwisho wa Juni. Mwaka 2008 Pasaka iliwahi mno, Machi 23, na sikukuu ikawa Mei 22, pamba nyingi ikiwa bado shambani. Mjomba angesema mwezi wa Kanisa haujui mizani.

Nilipoanza kuandaa maonyesho mwenyewe nilijidai nimehitimu. Mwaka 2010 nikapanga usiku wa vichekesho na ngoma, Jumamosi ya katikati ya Juni, saa tatu na nusu usiku, wakulima wameshaanza kuuza. Nilihesabu palizi, nikahesabu fedha, nikahesabu hata mwezi ili watu warudi kwa mwanga. Nilisahau Kombe la Dunia. Mechi za usiku kutoka Afrika Kusini zilianza saa tatu na nusu hiyohiyo, dakika kwa dakika, na kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira, kilikuwa hatua 50 kutoka getini kwangu. Wachekeshaji walikuwa wanasema kichekesho, kimya, halafu kicheko kinatoka ng'ambo, cha goli. Mmoja wao akaanza kusubiri makelele ya ng'ambo ndipo amalizie utani wake, na hilo ndilo lililookoa usiku.

Tulipopata mkoa wetu wa Simiyu mwaka 2012, Bariadi ikawa makao makuu, na serikali ikawa mwandaaji mkubwa kuliko sote. Kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru 2016 kilikuwa hapa. Nane Nane ya kitaifa, maonyesho ya wakulima, ilifanyika viwanja vya Nyakabindi miaka mitatu mfululizo, 2018, 2019 na 2020. Watu walikuja wengi kuliko nilivyopata kuona. Vikundi vya mbina vilipewa dakika zao kati ya hotuba na hotuba, kimoja baada ya kingine, kwa zamu, asubuhi, jua linachoma. Nilimwona ningi mmoja mzee akiuliza wapinzani wake watacheza upande gani. Kijana mwenye kitambulisho shingoni akamjibu, kwa heshima zote, "Shikamoo mzee, wao watafuata mkimaliza." Mzee akaitikia marahaba, akaenda kukaa kivulini. Alicheza vizuri. Lakini nilijua anachotafuta pale mbele: migongo.

Mwaka 2018 pia pamba ilirudishwa kwenye vyama vya msingi, AMCOS kama tunavyoviita siku hizi, na nikashangilia kimyakimya nikidhani usiku ule mkubwa umerudi. Mwaka 2019 bei elekezi ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakakaa miezi na stakabadhi mfukoni. Nilikuwa na tarehe mbili za maonyesho mwezi Agosti. Nilizifuta zote. Mwanamke mmoja jirani aliniambia angekuja kama ningepokea stakabadhi ya pamba badala ya fedha. Hakuwa anatania kabisa.

Sasa waimbaji wa Kisukuma kama Bhudagala wako kwenye simu za watu. Nyimbo zilianza kuuzwa kwa kuingizwa kwenye memori kadi, baadaye YouTube ikamaliza kazi, na mchunga ng'ombe anaangalia mbina saa nane mchana chini ya mti, Machi, katikati ya palizi. Wengine wanasema simu imeua maonyesho. Mimi naona imeua tangazo tu: zamani gari la matangazo lilikuwa linakujulisha mwimbaji ni nani, sasa unamjua mpaka nguo zake, na swali linalobaki ni kama leo una fedha.

Juni hii kijana mmoja wa hapa mjini alinipigia. Ameleta wasanii, ana ukumbi wenye viti, tiketi inalipiwa kwa simu na namba inakuja kwa ujumbe mfupi, kiazi hakina kazi. Anataka nimtangazie Ijumaa inayofuata.

"AMCOS zimeshalipa?" nikamuuliza.

"Sijui, mzee wangu. Bango limeshachapwa."

Nilimtumia shilingi 5,000 zangu za kiingilio. Ijumaa nilitembea hadi pale saa nne usiku, nikasimama nje kidogo, nikatazama migongo. Nilihesabu 40 na kitu. Mjomba angeipata idadi kamili.