Nani Amelala Selo Usiku Huu?

Hapa Minneapolis, mtu yeyote mwenye simu anaweza kujua ni nani wamelala katika jela ya Kaunti ya Hennepin usiku huu. Anafungua tovuti ya ofisi ya sherifu, anaandika jina la ukoo, na majibu yanatoka: jina kamili, siku na saa mtu alipoingizwa, kosa analoshukiwa, kiasi cha dhamana, na siku atakayofikishwa mbele ya hakimu. Haulizwi yeye ni nani wala anataka kujua kwa nini. Kaunti nyingine nyingi za Marekani huongeza na picha ya uso, ile anayopigwa mtu akiwa amesimama mbele ya ukuta mtupu.

Kwetu Kenya habari hizo hizo zimo ndani ya OB, kitabu kikubwa kinachokaa upande wa pili wa kaunta ya kituo cha polisi. Askari huandika kwa kalamu: namba ya tukio, saa, jina, maelezo mafupi. Kila Mkenya anaijua OB kwa sababu simu ikiibwa au kitambulisho kikipotea, huko ndiko safari inakoanzia. Lakini ukienda kumtafuta mtu aliyeshikwa, kitabu hicho hakigeuzwi upande wako. Unataja jina, askari anaangalia, au haangalii, kisha anakujibu. Unaondoka na neno lake tu.

Wengi wetu tulio huku tumezoea kuichukulia ile orodha ya Wamarekani kama mambo yao ya kupenda kuanika watu. Mimi naona tunakosea. Rekodi ya kukamatwa, kabla ya kuwa kitu kingine chochote, ni kinga ya huyo aliyekamatwa. Serikali inapomchukua mtu barabarani, kitu cha kwanza kinachomzuia kupotea ni maandishi yanayosema yuko wapi, alichukuliwa na nani, saa ngapi. Maandishi hayo yakifungiwa, ndugu zake hawana pa kushika.

Sheria ya jimbo letu la huku, Minnesota, inayohusu taarifa za serikali, kifungu cha 13.82, imeyataja moja baada ya jingine mambo ambayo polisi hawaruhusiwi kuyaficha wakimkamata mtu mzima. Wakati na mahali alipokamatwa. Kama silaha ilitumika. Kama alikataa kukamatwa au alikimbizwa. Kitengo kilichomkamata. Mahali anaposhikiliwa, na akihamishwa, amehamishwa lini na kwa msingi gani wa sheria. Hilo la kuhamishwa ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu mtu hupotea hasa pale anapotolewa kituo kimoja kupelekwa kingine usiku.

Mwenzetu mmoja anayefanya kazi katika makao ya wazee alishikwa usiku wa Jumamosi baada ya ugomvi na mtu waliyepanga naye nyumba. Simu yake ilikuwa haishikiki. Hata kabla ya kupambazuka tulishajua yuko jela gani, dhamana ni kiasi gani, na kesi itatajwa lini. Michango ikaanza. Wakili alimkuta bado ana nguo alizoshikwa nazo. Nilimshukuru Mungu kwa ule ukurasa.

Ila kabla hajatoka, mtu alikuwa ameshaupiga picha na kuutupa kwenye kundi la WhatsApp. Ukatoka Brooklyn Park ukafika Dallas, ukavuka bahari, na mama yake akauona Kenya kabla kijana mwenyewe hajapata nafasi ya kumpigia. Mashtaka yalifutwa baadaye. Habari ya kufutwa hakuna aliyeisambaza.

Hapo ndipo ninapoanza kuulaumu utaratibu wa huku. Mlango unafunguliwa mapema, na hilo ni jema, lakini hakuna anayerudi kuufunga. Kuna kampuni ambazo kazi yao ni kuvuna kurasa za jela, kuzihifadhi kwenye tovuti zao, na zamani zilikuwa zikimtoza mtu pesa ili picha yake iondolewe, hata kama hakupatikana na hatia. Ukatili huo ulizidi mpaka majimbo yakaanza kutunga sheria. Georgia ilipiga marufuku malipo hayo mwaka 2013. Utah mwaka 2021 ikazuia picha za jela kutolewa mpaka mtu ahukumiwe. Minnesota yenyewe imewakataza waajiri kuuliza habari za makosa kwenye fomu ya kuomba kazi, na tangu Januari 2025 ina sheria inayofunga baadhi ya rekodi zenyewe bila mtu kwenda kuomba mahakamani. Hatua nzuri zote. Lakini kazi za kutunza wazee na walemavu, zinazowapa riziki Wakenya wengi wa hapa, hazianzi mpaka jimbo lichunguze historia yako na alama za vidole, na mwenye nyumba naye ana njia zake za kuchunguza. Nakala iliyokwisha kuchukuliwa na kampuni binafsi haisikii amri ya kufungwa kama linavyosikia faili la serikali.

Sasa tuje nyumbani, na nianze na kinachostahili sifa. Kwa maandishi, Kenya iko mbele. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inataka aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili na watu wengine anaohitaji msaada wao, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata ikiwa muda huo unaishia nje ya saa za mahakama. Minnesota inawapa polisi saa 36, tena bila kuhesabu siku yenyewe ya kukamatwa, Jumapili wala sikukuu. Na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika Jedwali la Tano, inaagiza kila mahali pa kushikilia watu pawe na rejista yenye jina, sababu ya kukamatwa, tarehe na saa, jina la askari aliyemkamata, nyakati za kuhojiwa na waliomhoji, na kila uhamisho. Linganisha na kifungu cha Minnesota nilichokitaja. Mambo ni karibu yale yale. Tofauti ni kwamba huku mwananchi anayaona, na kwetu yanabaki ng'ambo ya kaunta.

Mtoto wa shangazi yangu alishikwa Pwani katika msako wa usiku. Shangazi alizunguka vituo akiwa na chupa ya chai na mkate kwenye mfuko, kwa kuwa kila mama anajua mtu wa selo hupelekewa chakula. Kituo cha kwanza: hayuko. Cha pili: rudi baadaye, mwenye zamu ametoka. Cha tatu wakamtazama tu. Kwake ilikuwa asubuhi, kwangu usiku wa manane, nimeshika simu sina la kumwambia. Jioni ndipo mwanawe alipopatikana katika kile kituo cha kwanza. Jina la babu lilikuwa limeandikwa mbele ya jina lake, na herufi zimekosewa. Askari aliyeulizwa hakuliona jina alilotajiwa, na hakuna aliyejisumbua kwenda mlangoni mwa selo kuita. Siku nzima mama alizunguka na chai ikapoa kwa sababu hakuruhusiwa kuusoma mstari mmoja ambao yeye angeutambua papo hapo.

Hiyo ni familia iliyompata mtu wake. Tarehe 23 Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitoka mahakama ya Mavoko na kutekwa njiani. Mwenda, mwendesha bodaboda, alikuwa amemshtaki askari aliyempiga risasi kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi. Walifungiwa kwa muda katika selo ya kambi ya polisi wa utawala huko Syokimau, bila kuandikwa kama watu waliokamatwa. Kimani akajiandikia mwenyewe: kwenye kipande cha karatasi ya shashi aliomba atakayekiokota ampigie mkewe simu, akakitupa nje. Kiliokotwa. Lakini muda ulikuwa umekwisha, na miili ya watu wale watatu ilitolewa mtoni huko Ol Donyo Sabuk. Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao. Nimeisoma kesi hii mara nyingi, na kila mara nasimama kwenye kile kipande cha shashi. Katika nchi yenye sheria ya rejista iliyoandikwa vizuri namna ile, wakili msomi alibaki na karatasi ya shashi kuwa ndiyo OB yake.

Yaliyofuata maandamano ya Juni 2024 tunayakumbuka sote. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilisema Desemba mwaka huo kwamba imeorodhesha watu 82 waliotekwa tangu Juni, na 29 kati yao walikuwa bado hawajulikani walipo. Polisi walikana kuhusika. Familia zilizunguka vituo kama shangazi yangu, na kila kaunta ilijibu hayuko. Kama kungekuwa na orodha ya wazi ya nchi nzima, jibu la "hatunaye" lingekuwa na uzito wa maandishi yanayoweza kuhakikiwa, na aliyesema uongo angeacha alama.

Yupo na mtu wa tatu ambaye huwa tunamsahau: aliyetendewa kosa. Mwaka 1993 huko Louisville, Kentucky, Mary Byron aliuawa siku aliyotimiza miaka 21 na aliyekuwa mpenzi wake. Mwanamume huyo alikuwa jela kwa shtaka la kumbaka, akaachiliwa kwa dhamana, na hakuna aliyempigia Mary simu. Mwaka uliofuata kaunti ya huko ikaanzisha VINE, mtambo unaompigia aliyedhulumiwa mara tu mshukiwa anapotoka, na sasa umeenea karibu Marekani yote. Nawafikiria wanawake wa kwetu wanaokutana na mume sokoni wakidhani bado yuko ndani.

Wenzetu wa Uingereza watanikumbusha kwamba huko mambo ni kinyume, polisi kwa kawaida hawamtaji mshukiwa mpaka ashtakiwe, na mahakama mwaka 2018 iliiamuru BBC kumlipa mwimbaji Cliff Richard fidia kwa kutangaza msako nyumbani kwake. Naiheshimu hoja hiyo. Lakini jina la mshukiwa kutotangazwa kwa umma ni jambo moja, na familia kutojua alipo ni jambo jingine. Hayo mawili yanaweza kutenganishwa.

Na sisi tuna sababu nzito zaidi ya kuyatenganisha. Mtu akitajwa kwetu kuwa ameshikwa kwa wizi au ubakaji, anaweza kuuawa na umati siku anayotoka, ushahidi ukiwepo au usiwepo. Kwa hiyo sitaki ukurasa wa Hennepin uhamishiwe Kenya ulivyo, ambapo yeyote asiye na kazi anaweza kupitia majina ya wageni kwa kujiburudisha. Ninachotaka ni njia ya kumtafuta mtu unayemjua. Mfano upo hapa hapa, tena kwenye idara ambayo wahamiaji tunaiogopa kuliko zote: mtambo wa ICE, idara ya uhamiaji ya Marekani, wa kuwatafuta walioshikiliwa hautoi orodha. Ni lazima uwe na namba ya mhamiaji na nchi aliyozaliwa, au jina lake sawasawa pamoja na nchi hiyo. Ubaya wake ni kwamba herufi moja ikikosewa humpati mtu, na majina yetu matatu huandikwa kila siku kwa mpangilio tofauti. Kenya ina dawa ya hilo: namba ya kitambulisho. Mama aingize namba ya mwanawe kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, au kwa msimbo mfupi kwenye simu ya kawaida, aambiwe kituo, saa, na siku ya mahakama. Akiachiliwa bila hatia, kumbukumbu hiyo ijifunge siku hiyo hiyo. Wakubwa wa polisi wameahidi OB ya kidijitali kwa miaka mingi. Kompyuta ambayo ni askari tu anayeiona itakuwa ile ile kaunta.

Mpaka hapo, tuna kitu mkononi ambacho watu wachache wanakitumia. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kujibiwa na ofisi ya umma ndani ya siku 21, lakini ombi likihusu uhai au uhuru wa mtu, muda huo ni saa 48. Mtu aliye selo ni suala la uhuru wa mtu. Wakikataa, lalamiko linapelekwa Tume ya Haki ya Utawala, na wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kutaka mtu aletwe mbele ya jaji.

Basi ndugu zangu mlio nje: ukiona jina la Mkenya mwenzako kwenye orodha ya jela, mpigie nduguye na mtafutie wakili, na ule ukurasa usiusambaze. Na akishikwa wako nyumbani, usiishie kutuma pesa za "kumtoa". Waambie waliopo waende wawili, mmoja awe na nakala ya kitambulisho cha aliyeshikwa, waombe namba ya OB, waandike jina la askari aliyewajibu na saa. Wakiambiwa hayuko, ombi liandikwe siku hiyo hiyo kwa mkuu wa kituo, litaje Sheria ya 2016 na saa 48, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.