Shamba Hilo Lafaa Nini?

Katika vilima vyetu vya Nyamahanga baba akitaka kuwagawia wanawe ardhi huhesabu hatua. Hatua mia kwa huyu, mia kwa yule. Lakini ikiwa mmoja amepewa juu penye changarawe, na mwenziwe chini penye udongo mzito, je, wamepata sawasawa?

Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha Amani, Usambara, alieleza jambo ambalo mwenye jembe huliona kila masika: udongo hufuatana kwa taratibu toka mgongo wa kilima mpaka bondeni, na kilima cha pili huurudia utaratibu ule ule. Mvua huchukua udongo laini wa juu na kuushusha. Ufuatano huo aliuita katena, neno la Kilatini, maana yake mnyororo.

Mwaka 1976 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa mwongozo wa kupanga ardhi kwa madaraja: ifaayo sana, ifaayo kiasi, ifaayo kidogo, na isiyofaa. Wengi huyasoma madaraja hayo kama alama za mtihani (sisi waalimu tumewazoeza vibaya), kumbe mwongozo wataka kwanza litajwe zao. Bonde lituamalo maji huozesha mizizi ya migomba, lakini mpunga hustawi humo. Mchanga uliochoka, usiozaa mahindi, bado huzaa muhogo.

Tena daraja hubadilika. Wahaya wa Bukoba hutofautisha kibanja, yaani shamba la migomba lizungukalo nyumba, na rweya, uwanda wa majani. Kibanja kilinona kwa samadi na majani yaliyoletwa humo miaka na miaka. Nayo rweya, iliyokatwa majani na kulishwa ng'ombe, ikazidi kudhoofika.

Basi mimi naona baba akate vipande virefu, toka mgongoni hadi bondeni, ili kila mwana, wa kiume na wa kike, apate changarawe yake na majimaji yake. Mtasema vipande vitakuwa vyembamba, na mtu atalima kwa kufuata mteremko, udongo uchukuliwe. Ni kweli. Kwa hiyo matuta yakingame mteremko, hata yakivuka mpaka wa ndugu wawili. Hapo ndipo ugomvi uanzapo. Heri shauri hilo lifanywe baba angali hai, akiwaonyesha kwa fimbo yake maji yapitapo.