Nililipwa Elfu Nane Kuwauzia Poda

Wasee, hii post hakuna mtu amenilipa. Ile nililipwa ndiyo imenileta hapa.

Mwaka jana kuna kampuni ilinitumia ujumbe. Walikuwa wanauza poda ya kuongeza stamina, kopo moja elfu nne na mia tano. Nifanye video tatu, wanipe elfu nane. Mnaonijua mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo elfu nane kwangu si pesa ya kufikiria mara mbili. Nikapanda baiskeli, nikakoroga poda kwa chupa, nikapiga funda moja mbele ya kamera na kusema hii ndiyo siri ya kupanda milima kama Froome. Ukweli? Kamera ilipozimwa nililitema hilo funda. Lilikuwa na ladha ya sabuni.

Watu wakaipenda ile video. Mmoja wao ni binamu yangu.

Huyu kijana ana miaka 19. Anasambaza mkate na maziwa hapa Kakamega kwa black mamba, na Jumapili anaazima baiskeli ya gia na kwenda na wenzake hadi Kapsabet. Kama hujui hiyo njia, unashuka hadi Chavakali, unakata kushoto, unapita Mudete na Shamakhokho, halafu unaanza kupanda kwenda Nandi. Sisi huku tuko kama mita 1,500 juu ya bahari. Kapsabet ni karibu 2,000. Kwa gari hata huhisi. Kwa baiskeli miguu inakuhesabia kila mita.

Jumapili moja niliwafuata na pikipiki nikachukue video. Mbele ya Shamakhokho nikamwona binamu ameshuka, amekaa kwa nyasi, anatetemeka na jasho baridi usoni. Hakuwa amekula chochote tangu asubuhi. Alikunywa poda tu, kwa sababu kopo limeandikwa nishati kamili, na mimi nilisema ni kamili. Pesa ya kopo ilikuwa ya cheni na tairi mpya. Nikamuuliza shida ni gani. Akaniambia, "Brathe, labda sikuweka vijiko vya kutosha."

Manze, hiyo ilinichoma. Hakushuku poda. Hakunishuku mimi. Alijishuku mwenyewe.

Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi kando ya barabara alimwangalia tu akasema, "Huyu ana njaa. Kula kwanza, mwanangu." Ndizi nne na kipande cha sukari nguru. Baada ya nusu saa kijana amesimama, anauliza kama bado tunaweza kufika Kapsabet. Tulirudi nyumbani.

Lakini uchovu haukuisha. Wiki mbili baadaye bado alikuwa anahema hata akipanda kamlima ka kwao. Tukaenda hospitali, akapimwa, ikapatikana damu iko chini. Hapo ndipo nilianza kusoma vitu ambavyo ningesoma kabla ya kuchukua ile elfu nane.

Kitu cha kwanza: juu ya mlima oksijeni si kwamba imetolewa kwa hewa. Ni ile ile asilimia 21, uwe Mombasa au Iten. Kinachopungua ni presha ya hewa. Iten, kwenye mita kama 2,400, presha ni kama robo tatu ya ile ya baharini, kwa hivyo kila pumzi inakuletea oksijeni kidogo. Mwili unajitetea: figo zinatoa homoni ya kuambia uboho utengeneze seli nyekundu zaidi za kubeba oksijeni. Na seli hizo haziwezi kutengenezwa bila madini ya chuma.

Kwa hivyo kama kuna kirutubisho kimoja kinachohusu mlima kweli, ni chuma. Lakini sikia vizuri: kinasaidia mtu ambaye kinampungukia. Kama kinakutosha, kumeza vidonge zaidi hakukupi mapafu mapya, na chuma kikizidi mwilini kinaumiza ini. Huwezi kujua uko upande gani kwa kujiangalia kwa kioo. Unapimwa damu. Na sisi watu wa Western tuna sababu nyingine ya kupimwa: malaria inakula damu, na uchovu wake unaweza kuudhani ni mazoezi.

Binamu alipewa vidonge vya chuma na daktari, vya bei ndogo kuliko hata kifuniko cha lile kopo. Akaambiwa pia asinywe chai pamoja na chakula, kwa sababu chai inazuia chuma kuingia mwilini. Hiyo ilimuuma kuliko sindano. Mluhya na chai yake, utamtenganisha aje?

Hizo zingine? Juisi ya bitiruti ina nitrati, inayosaidia mishipa ya damu kufunguka. Kuna watu imewasaidia, lakini utafiti wa huko juu unapingana, na waliozoea mazoezi makali hawapati faida kubwa. Kafeini inafanya kazi, na hiyo iko kwa kahawa. Kriatini inasaidia nguvu za ghafla, lakini inakuongezea kilo za maji, na kilo utazipandisha mlima wewe mwenyewe. Mwaka 2018 kamati ya Olimpiki ya kimataifa ilitoa msimamo wake kuhusu virutubisho, na vile vyenye ushahidi mzuri wa kuongeza uwezo unavihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ile poda yangu haikuwa hata na lebo inayosema kila kilicho ndani. Mwanariadha akipimwa na kukutwa na dawa iliyokatazwa, kusema "ilikuwa kwa poda" hakumwokoi. Kilicho mwilini mwako ni chako.

Na chakula? Mwaka 2004 watafiti waliandika walichokula wakimbiaji 10 wakali wa Kenya. Zaidi ya robo tatu ya nguvu zao zilitoka kwa wanga, na ugali ulikuwa na fungu kubwa. Wasee wa baiskeli pia wanahitaji hivyo: safari ikipita saa moja na nusu, kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Hiyo ni ndizi moja au mbili, na sukari nguru kwa mfuko. Mama wa barabarani alijua.

Halafu nilimtaja Froome. Chris Froome alizaliwa Nairobi, akafundishwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, akashinda Tour de France mara nne. Alianza na mtu wa kumwonyesha njia na barabara za kupanda. Suleiman Kangangi, aliyefariki Agosti 2022 akishindana Vermont, Marekani, alikuwa nahodha wa Team Amani, timu iliyoundwa ili waendeshaji wa Afrika Mashariki wapate mashindano ya kiwango. Mashindano, baiskeli nzuri, na mtu wa kukufundisha. Hivyo ndivyo vinakosekana kwa kijana wa Kakamega. Haviko ndani ya kopo.

Nimefuta zile video tatu. Kampuni inataka pesa yake, nimewalipa elfu tatu, zilizobaki nitalipa pole pole. Cheni na tairi ya binamu nilinunua kwanza.

Kama ulinunua hiyo poda kwa sababu yangu, pole. Niandikie. Siwezi kukurudishia pesa yote saa hii, lakini usiongeze vijiko. Kula, kapimwe damu, halafu tukutane Jumapili Chavakali saa kumi na mbili asubuhi. Binamu atakuwa mbele. Mimi nitakuwa nyuma na ndizi.