Beti Zilizopishana

Zilimsalia siku tisa mwanafunzi huyo wa uzamili kabla ya kuwasilisha tasnifu yake. Tarakilishi yake, yenye mfumo wa Linux, ilikuwa na viwambo viwili: kile cha kipakatalishi chenyewe, cha inchi 14 na pikseli 1366 kwa 768, na kulia kwake kingine cha kuazima, cha inchi 22 na pikseli 1920 kwa 1080. Juu ya vyote viwili alikuwa amelitandaza jedwali moja. Kushoto palikuwa na beti za utenzi kama zilivyo katika miswada miwili. Kulia, maelezo kuhusu tofauti za miswada hiyo. Nambari za beti zilikuwa kushoto tu, naye alijaza maelezo kwa kufuata jicho.

Kilichomuudhi kwanza kilikuwa kishale cha kipanya. Kila kilipofika sehemu ya chini ya kiwambo kikubwa, kilikataa kuvuka kwenda kushoto. Kiligota ukingoni utadhani pana ukuta. Akakilaumu kipanya, kisha waya. Waya hulaumiwa daima, maskini.

Siku ya pili ndipo alipogutuka. Ubeti wa 47 ulikuwa na maelezo kwamba kipande chake cha nne kimepotea, ilhali vipande vyote vinne vilikuwapo. Kilichopotea kilikuwa cha ubeti wa 41.

Chanzo kilikuwa hesabu nyepesi. Mfumo wa X huviona viwambo vyote kuwa uwanja mmoja, na huhesabu pikseli kuanzia pembe ya juu kushoto kuteremka chini. Katika hesabu hiyo viwambo vilikuwa vimelinganishwa juu. Mezani, ukingo wa chini wa kimoja ulilingana na wa chini wa kingine. Tofauti ya 1080 na 768 ni 312. Pikseli hizo 312 za chini hazikuwa na jirani kushoto, ndipo kishale kikakwama. Na kwa kuwa kila ubeti ulichukua pikseli 52, jicho lilikuwa likiruka beti sita.

Dawa ilikuwa amri moja:

xrandr --output eDP-1 --pos 0x312 --output HDMI-1 --pos 1366x0

Kishale kikavuka. Asubuhi, baada ya kuwasha upya, kikakwama tena, kwani amri hiyo haidumu. Ikambidi aiandike katika faili ya.xprofile, isomwayo kila anapoingia.

Laiti kosa lingekuwa la beti sita kila mahali, angeyasogeza maelezo yote kwa pamoja. Lakini pikseli za kiwambo kikubwa ni pana kuliko za kipakatalishi. Hivyo chini jicho liliruka beti sita, na juu zaidi ya saba. Hapakuwa na njia ya kujua ni maelezo yapi yaliandikwa wapi.

Akayafuta yote. Jedwali zima akalihamishia kwenye kiwambo kikubwa, akaongeza nambari za beti upande wa kulia pia, kisha akaufungua ubeti wa kwanza.